Kwa Nini Kompresa ya Karakana Hupata Joto Kupita Kiasi

Mwanafunzi aliyewahi kutia upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba baada ya muda mfupi sehemu ya chini ya pampu hupata moto. Wengi hudhani joto hilo latokana na msuguano peke yake. Msuguano una fungu lake, lakini fungu kubwa latoka penginepo: kazi ifanywayo na mkono katika kuigandamiza hewa hugeuka kuwa joto la hewa yenyewe. Kompresa ya karakana, ile itiayo upepo matairi ya magari au kuendesha bomba la kupulizia rangi, haitofautiani kiasili na pampu hiyo, isipokuwa pistoni yake huendeshwa na mota, mara mamia kadha kwa dakika. Hivyo basi, kompresa inayofanya kazi sharti ipate moto. Swali la fundi ni kama imepata moto kuliko inavyostahili.

Kiasi cha joto hilo chaweza kukadiriwa darasani. Hewa ikigandamizwa upesi, bila kupata nafasi ya kutoa joto, halijoto yake kwa kipimo cha kelvini huzidishwa kwa uwiano wa kanieneo uliopandishwa kwa kipeo cha 0.286. Ichukuliwe hewa ya nyuzi 30 za sentigredi, yaani kelvini 303, igandamizwe kutoka angahewa 1 hadi 8. Nane kwa kipeo hicho ni 1.81; na 303 mara 1.81 ni 549, yaani nyuzi 276 za sentigredi. Katika mashine halisi halijoto haifiki huko, kwa kuwa mapezi ya chuma yanayoizunguka silinda huendelea kutoa joto nje. Lakini hesabu hiyo yaonyesha ni mzigo gani mapezi hayo yameubeba. Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliikamilisha mwaka 1897, huwasha mafuta yake kwa joto la namna hii hii, bila cheche yoyote. Ndiyo maana masizi ya oili yanayoganda katika njia ya kutokea hewa si uchafu wa kupuuzwa: katika kompresa iliyozidi moto yaweza kuwaka.

Kabla ya kufungua hata skrubu moja, yafaa kujua kwanza joto liko wapi, kichwani mwa silinda au katika mota, maana maradhi ya sehemu hizo mbili ni mbalimbali.

Ikiwa ni kichwa, ichunguzwe kazi yenyewe. Kompresa ndogo nyingi hazikuundwa kwenda mfululizo. Zatakiwa zipumzike karibu nusu ya muda ili zipoe. Mashine isiyozimika kamwe ama inatumikia chombo kilichoizidi nguvu, ama inapoteza hewa. Tangi lijazwe, mota izimwe, matumizi yote yafungwe, na geji iangaliwe. Tangi la lita 50 likishuka kutoka angahewa 7 hadi 6 kwa dakika 10, limepoteza hewa ya kawaida lita 50, yaani lita 5 kila dakika. Povu la sabuni likipakwa kwenye maungio litaonyesha mahali.

Kisha upimwe muda wa kujaza. Tangi hilo la lita 50, kutoka utupu wa geji hadi angahewa 7 za geji, huhitaji lita 350 za hewa ya kawaida. Kompresa inayofikisha tangini lita 100 kwa dakika italijaza kwa dakika tatu na nusu hivi. (Bamba la mashine aghalabu hutaja hewa inayovutwa, nayo inayofika tangini huwa pungufu, kwa hiyo ni bora fundi aandike ukutani muda aliopima mashine ilipokuwa mpya.) Muda ukirefuka maradufu wala hakuna mvujo, basi chujio limeziba, au ringi za pistoni zimelika, au vali hazifungi.

Vali isiyofunga yastahili maelezo zaidi, kwa sababu huzaa joto kwa njia isiyotazamiwa. Vali ya kutolea hewa ikivuja, pistoni inaposhuka ili kuvuta hewa baridi hupokea pia hewa ya moto iliyokwisha kugandamizwa, na hewa hiyo hugandamizwa mara ya pili. Ikiwa mchanganyiko huo waanza na nyuzi 100 badala ya 30, hesabu ya hapo juu hutoa nyuzi 402. Joto hilo huzidi kuharibu vali, nayo vali huzidi kuvuja. Vali ya kuvutia hewa ikivuja, mkono uliowekwa karibu na chujio husikia pumzi ikirudishwa nje.

Upoaji nao huzuilika kwa mambo madogo: vumbi la mbao na rangi iliyokauka kati ya mapezi, au mashine kusukumizwa ukutani. Gurudumu la mkanda katika kompresa nyingi limetengenezwa kama feni ili lipulizie silinda. Mota iliyotoka kusukwa waya upya yaweza kuzunguka kinyume, na feni ikapeleka upepo kusikotakiwa, ijapokuwa tangi lajaa kama kawaida. Kosa hili huwapita hata mafundi wazoefu.

Kama joto ni la mota, ushukiwe umeme. Volti zikipungua kwa sababu ya waya mrefu na mwembamba, mota huvuta mkondo mkubwa zaidi, na joto la waya zake huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi kwa asilimia 20, joto huzidi kwa asilimia 44. Heri kurefusha mpira wa hewa kuliko kurefusha waya wa umeme. Tena, mlio wa hewa usiokoma kwenye swichi baada ya mota kuzima waonyesha kwamba vali ya kuzuia hewa isirudi haifungi. Mota itaanza safari inayofuata ikiwa na mzigo, itanguruma na kuungua.

Matengenezo yoyote yafanywe umeme ukiwa umechomolewa na tangi likiwa tupu. Vali ya usalama isikazwe wala kufungwa kwa waya kwa tamaa ya kupata kanieneo kubwa. Nayo hewa ya pwani ina unyevu mwingi: katika kila ujazo wa tangi lililotajwa huingia gramu 8 hivi za mvuke, na tangi likipoa hadi nyuzi 30 haliwezi kuhifadhi zaidi ya gramu 1.5 zikiwa mvuke. Zilizobaki huwa maji. Kompresa iliyozidi moto huyapeleka maji hayo mbele yakiwa bado mvuke, yakatokeza kama matone katika rangi. Iliyopoa vema huyaacha chini ya tangi, ambako yasipomwagwa kila jioni hula chuma kutoka ndani, mahali jicho lisipofika.