Je, wajua rungu likirushwa huzungukia wapi?

Layoni, yaani mvulana wa Kimaasai, anayechunga kwenye nyanda za Kakesio, kusini-magharibi mwa Ngorongoro, hatoki bomani bila fimbo na rungu. Fisi akimsogelea ndama, rungu linaruka. Hewani linafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: linakwenda mbele huku likizunguka. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa fizikia hupotea.

Lilaze rungu juu ya kidole, ulisogeze mpaka litulie. Hapo ndipo kilipo kitovu chake cha uzito. Tuseme lina urefu wa sentimita 60, kichwa chenye kipenyo cha sentimita 8 na gramu 300, mpini gramu 150. Litatulia sentimita 10 kutoka katikati ya kichwa, na sentimita 20 kutoka katikati ya mpini: 300 mara 10 ni sawa na 150 mara 20. Funga kitambaa chekundu hapo, nendeni uwanjani kusiko na watu wala mifugo, mmoja wenu alirushe. Kichwa na mpini vitapinduka-pinduka kuzunguka kitambaa, lakini kitambaa kitapita kwenye upinde uleule ambao jiwe lingepita.

Vitabu vingi huanza somo la mzunguko kwa mlango na spana. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu mtoto wa Kakesio anayo tayari mkononi zana bora zaidi, na mkono wake unaijua.

Mwambie alishike rungu mwisho wa mpini, alipunge. Kisha aligeuze, ashike kichwa, alipunge tena. Gramu ni zilezile 450, ila safari hii linazunguka kwa wepesi wa kushangaza. Kwa vipimo vyetu, ukinzani wa kuzungushwa umepungua mara 6 hivi. Uzito pekee hautoshi kueleza. Swali ni uzito huo umekaa umbali gani kutoka mahali pa kuzungukia. Umbali ukiongezeka mara 2, ukinzani huongezeka mara 4.

Na likishatoka mkononi? Dunia huvuta kila sehemu ya rungu, lakini jumla ya mvuto huo hupita kwenye kitovu cha uzito, kwa hiyo haiwezi kuongeza mzunguko wala kuupunguza. Hewa huupunguza kidogo tu. Kasi ya kuzunguka imeshaamuliwa na bega, kiwiko na kifundo cha mkono, kabla vidole havijaachia.