Ukuta Ulioinama: Bwawa la Udongo na Dhamana ya Roho za Watu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Asomaye Surat Saba hukutana na habari ya watu wa Saba na gharika iliyowafikia baada ya neema. Habari hiyo huhusishwa na bwawa la Ma'rib, nchini Yemen: ukuta mkubwa wa udongo uliokinga maji ya mafuriko na kuyagawa mashambani kwa zaidi ya miaka 1,000. Ukuta huo haukudumu kwa nguvu zake wenyewe. Kila ulipobomoka, watu waliitana wakaujenga upya. Hata Abraha, yule tumjuaye kwa kisa cha ndovu, aliacha maandishi juu ya jiwe akieleza alivyoukarabati katika karne ya 6. Baadaye ukavunjika tena, na safari hiyo haukujengwa, watu wakatawanyika.

Ndugu zangu, bwawa la udongo huishi kwa kutunzwa. Sisi nasi tunayo mabwawa ya namna hiyo, madogo, katika vijiji vya Kilifi, Kwale na Taita-Taveta. Mengine hunywesha mifugo, na mengine hukinga maji ya mvua yasishukie nyumba na mashamba kwa ghafla. Haya ya kukinga mafuriko ndiyo yenye kughuri zaidi. Kwa miezi mingi huwa makavu. Mbuzi hulisha ndani yake, watoto hucheza juu ya tuta, na watu hujenga bondeni chini yake wakiamini kwamba pako salama. Kisha huja usiku mmoja wa mvua kubwa, na kazi yote ambayo ukuta ule ulijengewa hudaiwa usiku huo mmoja.

Mji wa Derna, nchini Libya, ulikuwa na mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 kuukinga na mafuriko. Nyufa ziliripotiwa tangu mwaka 1998, na ukarabati haukukamilika. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, ilipopiga tufani ya Daniel, yote mawili yalivunjika, na maelfu ya watu wakachukuliwa na maji hadi baharini. Hapa kwetu Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo lililokuwa ndani ya shamba la binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka katikati ya masika. Zaidi ya watu 40 walifariki, wakiwemo wanawake na watoto wengi.

Ukuta wa udongo huvunjika kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni maji kupita juu yake. Ukuta wa zege waweza kuvumilia hayo kwa muda, lakini wa udongo humegwa upesi mno. Ndiyo maana kila bwawa huachiwa njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada. Njia hiyo ikizibwa kwa takataka, magogo au ua wa shamba, ukuta umeshahukumiwa. Ya pili ni maji kupenya ndani yake, taratibu, yakifuata tundu la panya, kichuguu cha mchwa, au mzizi wa mti uliooza, yakibeba chembe za udongo hadi tundu likawa mfereji.

Basi tazameni dalili. Maji maangavu yanayovuja chini ya ukuta yahitaji kuangaliwa kila siku; yakianza kutoka na rangi ya udongo, au kuongezeka, hatari imefika. Ufa uliofuata urefu wa tuta, upande uliobonyea au kuporomoka, sehemu ya juu iliyotitia kuliko nyingine, njia ya ng'ombe iliyochimbika: hayo yote ni maneno ya ukuta. Majani mafupi huushika udongo, bali miti haifai kuachwa imee juu yake.

Na ni nani ayaonaye haya kwanza? Mara nyingi si mhandisi wala chifu. Ni mama aendaye kuteka maji alfajiri, na ni mtoto achungaye mbuzi. Ole wetu ikiwa maneno yao yataitwa porojo.

Mafakihi wa madhehebu ya Hanafi walizungumza kwa kirefu juu ya ukuta ulioinama kuelekea njia ya watu. Walisema kwamba mwenye ukuta akishaonywa na kutakiwa aubomoe, akapata muda wa kutosha naye akapuuza, kisha ukaanguka ukaua, dhamana ni juu yake. Na kwa kuwa njia ni ya watu wote, kila apitaye ana haki ya kutoa onyo hilo. Tukilipima bwawa kwa mizani hiyo, tutaona uzito wa neno la yule mama. Kabla hajasema, mwenye bwawa aweza kudai hakujua. Akishasema mbele ya mashahidi, udhuru umekatika.

Kwa hiyo, dada yangu, ukiona dalili usinyamaze. Mwambie mwenye bwawa, mwambie mzee wa kijiji na chifu, na watake wapeleke habari kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo kwa Sheria ya Maji ya 2016 ndiyo itoayo vibali na kusimamia mabwawa. Nanyi wazee, kabla ya masika kuanza, zungukeni ukuta pamoja, zibueni njia ya maji ya ziada, na mkubaliane mapema watu wakimbilie mlima upi. Kipaza sauti cha msikiti na kitumike kuwaamsha waliolala. Maji yakianza kupita juu ya tuta, asiende mtu kuziba kwa mikono. Chukueni watoto na wazee mpande juu mara moja.

Kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kuchukua hadhari. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, ayahifadhi majumba yetu, na aijaalie mvua ijayo iwe ya kheri na baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.