Madoa ya Sarafu Kongwe: Usomaji na Usafishaji

Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina sifa ambayo mwanafunzi wa ushairi hawezi kuipuuza. Maandishi yake ya Kiarabu yana vina. Upande mmoja hutaja jina la sultani, mathalani Ali bin al-Hasan. Upande wa pili humweleza kuwa ni mwenye kumtumainia Mola, na miisho ya pande hizo mbili hulingana kwa sauti. Herufi zenyewe zimeinuka kidogo mno. Katika sarafu iliyokaa ardhini karne kadhaa, umbo la herufi mara nyingi huwa limehifadhiwa ndani ya kutu yenyewe, wala si katika shaba iliyo chini yake. Anayeikwangua kutu hiyo hufuta mshororo.

Kabla ya kusafisha, basi, doa halina budi kutambuliwa. Wekundu wa hudhurungi ni oksidi ya shaba. Kijani kilichokolea, kigumu, kinachong'ang'ania, aghalabu ni kaboneti. Yote mawili yametulia na yafaa kuachwa. La kuhofiwa ni doa la kijani hafifu lenye ungaunga, linalopukutika likiguswa kwa ncha ya kijiti. Hilo ni zao la kloridi, chumvi ambayo sarafu za pwani huipata kwa urahisi. Kloridi ikikutana na unyevu na hewa huzalisha asidi inayoila shaba upya, na mzunguko huo huendelea hata sarafu ikiwa kabatini. Wataalamu huuita ugonjwa wa shaba. Dawa yake ya kwanza ni ukavu: chombo kinachofungika barabara chenye vifuko vya kufyonza unyevu.

Utando wa kijani unaonata ni jambo jingine kabisa. Huo hutokana na mifuko ya plastiki laini ya kuhifadhia sarafu, na asetoni halisi huuondoa pasipo kudhuru madini. Weusi juu ya fedha, kama ule wa rupia za Mombasa za 1888, husababishwa na salfa iliyomo hewani.

Wakazi wa Pwani wamezoea kung'arisha masinia kwa ndimu au ukwaju. Sinia halina la kusomwa. Asidi hiyo hiyo ikitiwa kwenye sarafu huyeyusha kutu pamoja na herufi, ikaacha kipande chenye rangi ya waridi kisicho na jina la mtu. Linaloruhusika ni kuloweka katika maji yaliyokenekwa, yakibadilishwa mara kwa mara, kisha kuondoa udongo kwa kijiti cha mwanzi chini ya kioo cha kukuzia. Waya na dawa ya meno havina nafasi hapa.

Sarafu iliyookotwa katika magofu haioshwi kamwe na aliyeiokota. Hupigwa picha pale pale ilipo, na taarifa hupelekwa kwa Makavazi ya Kitaifa kama sheria ya Kenya ya 2006 inavyoagiza, udongo wake ukiwa bado juu yake.