Mzamiaji na Mpanda Mlima

Mtoto wa Marangu ashukapo kwa gari kwenda Moshi mjini husikia masikio yake yakiziba. Akimeza mate, au akipiga miayo, yanazibuka. Wengi wenu mmelijua jambo hili tangu utotoni, lakini ni wachache walioiuliza sababu yake.

Sababu ni kwamba hewa ina uzito. Sisi twaishi chini ya hewa kama samaki aishivyo chini ya maji. Tukishuka, hewa iliyo juu yetu huongezeka, nayo hutukandamiza zaidi, tukipanda, hupungua. Katika kilele cha Uhuru, meta 5,895 juu ya bahari, mkandamizo wa hewa ni kama nusu tu ya ule wa pwani. Mpanda mlima akiyamaliza maji yake huko Kibo, akaifunga barabara chupa tupu ya plastiki, ataikuta imebonyea afikapo Moshi. Hapana mkono ulioibonyeza; imebonyezwa na hewa ya chini.

Sasa tuuache mlima kidogo, twende pwani, tumtazame mtu ashukaye chini zaidi ya nchi kavu, yaani mzamiaji.

Maji ni mazito sana kuliko hewa. Tuseme kwamba ufukweni hewa hutukandamiza kwa nguvu moja. Meta 10 chini ya bahari nguvu hizo huwa mbili. Meta 20 huwa tatu. Meta 30 huwa nne. Tangu kilele cha Kibo hata ufukweni, mkandamizo huongezeka mara mbili, na safari hiyo ni ya siku nyingi. Mzamiaji hupata ongezeko kama hilo katika meta 10 tu, naye aweza kurudi juu kwa dakika moja. Hapo ndipo penye hatari.

VYOMBO VYAKE

Zamani mzamiaji alivaa kofia nzito ya shaba, akaletewa hewa kwa mpira kutoka chomboni. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kilichomwezesha mtu kuchukua hewa yake mgongoni na kuogelea huru kama samaki. Siku hizi wageni wengi huzamia kwa vyombo vya namna hiyo katika bahari ya Unguja, Pemba na Mafia, ili wayaone matumbawe na samaki.

Mgongoni huchukua mtungi wa chuma uliojazwa hewa iliyoshindiliwa. Watu wengine hudhani kwamba mtungini mna oksijeni tupu, sivyo. Ni hewa hii hii tuivutayo, kwa maana oksijeni tupu huwa sumu kwa mtu aendaye chini sana. Kutoka mtungini hutoka mpira wenye kifaa cha kinywani, kimpacho hewa kwa kadiri ya mkandamizo wa maji. Usoni huvaa miwani ifunikayo macho na pua. Miguuni huvaa mapezi ya mpira. Kiunoni hufunga vipande vya risasi vimsaidie kuzama, na mwilini huvaa kizibao kiwezacho kujazwa hewa ili aelee. Tena huchukua vipimo: kimoja cha hewa iliyobaki, kingine cha kina, na saa.

SHERIA ZAKE

Vyombo vizuri havimfai mtu asiyeshika sheria. Nazo ni hizi:

1. Asizamie kabla ya kufundishwa na mwalimu aliye hodari. Anayeanza haruhusiwi kupita meta 18.

2. Asizamie peke yake. Awe na mwenzi, nao wachunguziane vyombo kabla ya kuingia majini.

3. Asizamie akiwa na mafua, kwa kuwa masikio yake hayatazibuka, nayo yaweza kupasuka ngoma.

4. Akitazame kipimo cha hewa mara kwa mara. Katika kina cha meta 20 kila pumzi hula hewa mara tatu kuliko juu.

5. Asizuie pumzi kamwe. Mtu aliyejaza mapafu katika kina cha meta 10, akapanda huku amefunga koo, hewa ile hutaka nafasi mara mbili. Mapafu yaweza kupasuka, naye akafa.

6. Apande polepole, asizidi meta 9 kwa dakika. Akifika meta 5 chini ya uso wa bahari, asimame hapo dakika 3 kabla ya kutoka.

KWA NINI POLEPOLE?

Sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni. Mwili wetu hauitumii, ila mzamiaji akandamizwapo na maji, naitrojeni huyeyuka katika damu na nyama zake. Akipanda polepole, hutoka kwa pumzi bila kumdhuru. Akipanda upesi, hutoka kama povu la soda chupa inapofunguliwa ghafula. Mapovu hayo huziba mishipa na kuumiza viungo; mtu huweza kupooza miguu, hata kufa.

Mwaka 1908 mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, pamoja na wenzake wawili, walitangaza uchunguzi wao juu ya ugonjwa huo. Waliwatia mbuzi katika chumba cha chuma, wakakijaza hewa yenye mkandamizo mkubwa, kisha wakaipunguza kwa namna mbalimbali. Ilipopunguzwa ovyo, mbuzi wengine walikunja miguu kwa maumivu, wengine walipooza. Ilipopunguzwa kwa vituo, walisalimika vizuri zaidi. Uchunguzi huo ulikuwa msingi wa sheria za wazamiaji. Na mwaka 1911 Haldane huyo huyo alikwenda kukaa juu ya mlima wa Pikes Peak, huko Marekani, aone jinsi mwili unavyoizoea hewa nyepesi. Alifahamu kwamba kina na kilele ni mambo ya jamaa moja.

LATUHUSU NINI SISI?

Latuhusu sana. Wageni wengi huunganisha safari mbili, ya Unguja na ya Kilimanjaro. Mtu huweza kuzamia asubuhi, akapanda ndege jioni, na kesho yake akawa njiani kwenda Mandara, karibu meta 2,700 juu ya bahari. Naitrojeni ingali mwilini mwake, naye anakwenda penye mkandamizo mdogo zaidi. Ni sawa na kutoka majini upesi mara ya pili. Kwa hiyo walimu wa kuzamia huonya kwamba aliyezamia mara kadhaa angoje saa 18 kwa uchache kabla ya kupanda ndege. Na wengi hushauri saa 24 kamili. Vivyo hivyo kwa mlima. Aliye na busara hupanda mlima kwanza, kisha huenda baharini.

Baadhi yenu mtakuwa viongozi na wapagazi mlimani. Mwulizeni mgeni kwa adabu: "Bwana, ulizamia lini mara ya mwisho?" Swali hilo moja laweza kuokoa uhai wake.

Lakini msichanganye magonjwa mawili. Ugonjwa wa mlima hutokana na uchache wa oksijeni: kichwa huuma, mtu hutapika, hupepesuka, au hukohoa povu. Dawa yake kuu ni kumteremsha. Ugonjwa wa mzamiaji hutokana na mapovu. Huyu asipandishwe mlima, wala asirudishwe majini ajitibu. Apewe oksijeni, na apelekwe upesi kwa waganga wenye chumba cha kukandamizia hewa.

Nasi tunalo ziwa letu la Chala, mashariki ya mlima, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Maji yake ni maangavu, na kina chake ni kama meta 90. Msidanganywe na uzuri wake. Kuta zake ni za miamba mikali, na mwaka 2002 msichana mgeni aliuawa huko na mamba alipokuwa akiogelea. Tena kwa kuwa ziwa liko juu sana kuliko bahari, hata mzamiaji aliyefundishwa hawezi kufuata vipimo vya pwani bila kuvibadili.

Viongozi wa Kilimanjaro humwambia kila mgeni, "Polepole." Mwalimu wa kuzamia humwambia mwanafunzi wake neno lilo hilo. Hawajakutana, lakini wamejifunza kwa bwana mmoja, ndiye hewa. Mwenda pole hajikwai.

MASWALI

1. Kwa nini chupa iliyofungwa Kibo hubonyea Moshi?
2. Kwa nini mzamiaji hakatazwi kupumua, bali hukatazwa kuzuia pumzi?
3. Mgeni amezamia Unguja jana jioni, naye ataka kupanda mlima leo asubuhi. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?