Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Kila yanapozuka mazungumzo ya kriketi katika baraza zetu za Mombasa, hakosi mtu wa kuitaja ile timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Uingereza mwaka 1975, na akiitaja huitaja kwa kicheko. "Wale walikwenda kutembea tu," husema. Mimi kicheko hicho sikiungi mkono, na leo, ndugu msomaji, nataka tuhesabiane.

Lile lilikuwa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume. Timu yetu ilichanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha wao Harilal Shah. Walikuwa wachezaji wa ridhaa, watu wenye kazi zao za kuwapa riziki, na mchezo wakiucheza siku za mapumziko. Tena Uganda ilikuwa imewafukuza Waasia wake mwaka 1972, na pamoja nao wakaenda wengi waliokuwa wakiushikilia mchezo huu.

Jumamosi ya tarehe 7 Juni wakaingia uwanja wa Edgbaston, mjini Birmingham, kufungua na New Zealand. Kila upande ulikuwa na ova 60, yaani mipira 360. New Zealand wakatangulia kupiga, na mfunguzi wao, Glenn Turner, aliingia kwa mpira wa kwanza na asitolewe mpaka wa mwisho. Alipata mbio 171. Wala Turner hakuwa mgeni pale. Alikuwa akilipwa kuichezea Worcestershire, ambayo na Birmingham ni jirani. Timu yake ikafikisha 309 kwa wiketi 5.

Wetu wakapata 128. Yaani mtu mmoja wa kule aliwazidi wote wa huku kwa mbio 43! Kipigo kikawa cha mbio 181, na hapo ndipo wenye kucheka hukomea. Hawaendelei kusoma kwamba wetu waliimaliza mipira yao yote 360, na wiketi zilizoanguka zilikuwa 8. Walishindwa, naam, lakini hawakutolewa wote. Frasat Ali peke yake alipata 45.

Sasa tutoke Birmingham twende London, siku ile ile, uwanja wa Lord's. India, nchi ambayo kriketi kwao ni kama chumvi katika mchuzi, ilikuwa ikipambana na Uingereza. Uingereza ikapata 334. India ikajibu kwa 132, ikashindwa kwa mbio 202. Mfunguzi wao, Sunil Gavaskar, mmoja wa wapigaji hodari waliopata kuushika mchezo huu, alikaa ova zote 60 akaambulia 36. Mengi yamesemwa juu ya ukaidi wake siku ile, nami sitayaongeza. Nasema tu kwamba 181 ni pungufu ya 202, na 45 ni zaidi ya 36.

Wala sidai kuwa wetu walilingana na India. Siku nne baadaye walikutana nayo Leeds, wakatolewa wote kwa 120, na India ikazipita bila ya kupoteza hata wiketi moja, Gavaskar akiwa na 65. Tarehe 14 Uingereza ikawamaliza kwa 94; John Nagenda wa Uganda, mwandishi wa riwaya, alikuwa amecheza siku ile ya New Zealand. Mwaka 1979 Afrika Mashariki ilijaribu kufuzu, ikakosa, na jina hilo halikuonekana tena katika Kombe la Dunia.

Kenya ilipokwenda kwa jina lake mwenyewe mwaka 1996, ikawatoa West Indies kwa 93 kule Pune baada ya yenyewe kupata 166. Hilo watu hulikumbuka bila ya kuhimizwa. Zile 45 za Frasat Ali bado sijamsikia anayezitaja.