Mteja Anayekuja na Watoto

Tangu Januari 2024, kiti cha daraja la kawaida kwenye treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa hiyo baba, mama na watoto wawili wa umri huo hufika Pwani kwa shilingi 4,500, sawasawa na tiketi moja ya daraja la kwanza. Kabla ya bei kupanda, kiti kilikuwa shilingi 1,000, na familia hiyohiyo ilisafiri kwa 3,000. Kwenda na kurudi, tofauti ni shilingi 3,000: pesa ambazo zingewanunulia watoto hao viazi karai na madafu ufuoni, zikawakodia tyubu za kuogelea, na bado ikabaki nauli ya tuktuk.

Hesabu za namna hii, zinazopigwa mezani nyumbani kabla shule hazijafungwa, ndizo zinazoamua msimu utakuwaje katika Kaunti ya Mombasa. Kwa miaka mingi mipango ya utalii wa Pwani imemtazama mgeni anayeshuka kwenye ndege kutoka Ulaya. Huyo ni mteja wa maana na pesa zake zinahitajika. Lakini mteja ambaye Mombasa imemwegemea kila mambo yalipoharibika ni Mkenya mwenye watoto, na huyo bado hajapangiwa biashara inavyostahili.

Ushahidi wa hilo si wa kutafuta mbali. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake kuhusu kukaa Mombasa kwa sababu za usalama, na kampuni za utalii zikawarudisha kwao mamia ya wageni likizo zao zikiwa hazijakwisha. Hoteli zikafunga milango na wafanyakazi wakarudi makwao. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizima safari kabisa. Julai mwaka huo amri ya kutoingia wala kutoka Nairobi na Mombasa ilipoondolewa, Wakenya walianza kuteremka Pwani, huku ndege za kimataifa zikisubiri hadi Agosti. Mara zote mbili hoteli zilizofufuka mapema ni zile zilizokuwa na bei ya mkaazi na zikajua kumpokea mgeni anayekuja na begi la nepi.

Cha kuuza kipo tele, tena karibu karibu. Kwa eneo la nchi kavu, Mombasa ndiyo kaunti ndogo kuliko zote 47, kilomita za mraba 220 hivi, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,208,333. Kwa mzazi, udogo huo ni faida. Asubuhi anaweza kuwa Mji wa Kale, mchana akawa Nyali, alasiri akawa Bamburi, na watoto wasishinde ndani ya gari.

Tuanze na Haller Park, maana historia yake ni somo la biashara. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe na kuacha machimbo yenye jua kali na maji ya chumvichumvi, yasiyoota jani. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kuotesha miti humo. Uliostahimili vizuri ni mvinje. Hata hivyo majani yake yaliyoanguka hayakuoza upesi, basi wakaletwa jongoo wakubwa wakayala na kuyageuza mboji. Udongo ukapatikana, miti mingine ikashika, ndege wakaja, na mwaka 1984 machimbo yakafunguliwa kwa wananchi. Mwishoni mwa 2004 aliletwa hapo Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi wakati wa tsunami, akamganda kobe mzee aliyeitwa Mzee. Urafiki wao uliandikiwa vitabu vya watoto na kuitangaza Bamburi duniani kuliko tangazo lolote la kulipia.

Leo mtoto anayefika alasiri hupewa chakula cha twiga mkononi, na ule ulimi mrefu mweusi unapomfikia vidoleni hupiga kelele za furaha na woga kwa pamoja. Hapo ndipo kiingilio kinaporudisha thamani yake. Kampuni yenyewe imebadili mikono: mwishoni mwa 2024 kundi la Amsons la Tanzania liliinunua Bamburi Cement. Hifadhi iliyozaliwa ndani ya shimo la kiwanda imekuwa mali ya watoto wa Afrika Mashariki nzima, na wamiliki wapya wana kila sababu ya kuitunza kama walivyoikuta au zaidi.

Fort Jesus ina nguvu ya aina nyingine. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698, Waingereza wakaifanya gereza, na tangu 1962 ni makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Raia hulipa sehemu ndogo tu ya kiingilio cha mgeni wa ng'ambo, na mabasi ya wanafunzi hayakauki mlangoni. Mabasi hayo ni mtaji usiohesabiwa. Mtoto aliyekuja na shule akapita mbio kwa sababu mwalimu alikuwa na ratiba ndiye atakayewaambia wazazi wake Desemba kwamba anataka kurudi. Tatizo ni kwamba akirudi hukuta mambo ni yaleyale ya kutazama na kusomewa. Kijitabu cha maswali ya kutafuta majibu ukutani, saa moja ya kujifunza kuchonga mlango wa Kiswahili, au mzinga mmoja wa mfano wa kupandwa na kuchezewa vingemshika mtoto huyo hadi adhuhuri, na mzazi wake angenunua chakula cha mchana Mji wa Kale badala ya kukimbilia hotelini.

Nyingi ya pesa za familia, hata hivyo, huishia ufuoni. Katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu anauita Pirates, soko hufunguliwa na kufungwa na maji ya bahari. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na kila kazi ina zamu yake. Maji yakijaa, siku ni ya wenye tyubu. Hizo ni mipira ya ndani ya magurudumu ya malori, imejazwa upepo na kuandikwa nambari kwa rangi, ikikodishwa kwa muda mfupi mfupi. Mwenyewe husimama kwenye maji ya magoti akihesabu vichwa, kwani riziki yake na mtoto wa watu vinaelea mahali pamoja. Maji yakitoka, tyubu hulazwa mchangani, na mchanga mgumu uliobaki wazi huwa barabara ya ngamia. Wenye mashua za kioo nao hupakia abiria kwenda kuona matumbawe na samaki katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Katikati ya zamu hizo kuna wapiga picha, wauza madafu, akina mama wa mahamri na mbaazi, na vijana wenye ndoo za mabuyu, kachiri na achari ya embe. Ukiifuata familia moja tangu asubuhi hadi magharibi, utakuta imetoa noti zake kwa watu kumi hivi, wengi wao wakiwa wakaazi wa Kisauni, Bamburi na Mshomoroni. Mgeni aliyelipia kila kitu huko kwao, kuanzia ndege hadi juisi ya jioni, hana haja ya kutoa pesa nyingi nje ya lango la hoteli. Matumizi ya familia ni madogo madogo, lakini hulala papa hapa.

Malazi nayo yamegeuka. Hoteli kubwa za Nyali, Bamburi na Shanzu huuza kwa kichwa, na familia ya watu watano hujikuta ikilipia vyumba viwili. Nyingi zimelegeza masharti na kumruhusu mtoto mdogo alale bure chumbani kwa wazazi. Lakini wapinzani wao wakubwa sasa ni nyumba za kukodi kwa siku. Familia mbili au tatu huchangia nyumba moja yenye jiko na friji, hununua mboga na matunda soko la Kongowea, viungo Marikiti, samaki kwa wavuvi, na humlipa mpishi wa siku awapikie wali wa nazi. Kwa wazazi ni nafuu, na kwa watoto ni uhuru wa kukimbia bila kuonywa.

Hapa pana malalamiko ya haki. Mwenye hoteli hulipa ushuru wa utalii wa asilimia 2 ya mauzo, ambao umesaidia kusomesha wahudumu katika Chuo cha Utalii cha Kenya tangu miaka ya 1970. Hulipa pia leseni, ukaguzi wa moto na mishahara ya mwaka mzima. Wenye nyumba wasiosajiliwa hawabebi mzigo huo. Kuwafukuza sokoni kungemuumiza mteja. Kuwasajili kwa ada nafuu, na kudai angalau kizima moto na uzio kwenye bwawa la kuogelea, kungemlinda.

Maradhi makubwa ya biashara hii ni kalenda. Shule hufunga Aprili, Agosti, na ile likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Aprili masika hunyesha. Agosti kusi bado inavuma na bahari ina mawimbi, lakini jua ni la wastani na mtoto anaweza kutembea Mji wa Kale mchana bila kuzidiwa na joto. Desemba kaskazi huingia, bahari hutulia, na kila mtu hutaka kuja kwa wakati mmoja. Matokeo yake, wiki mbili za Krismasi na Mwaka Mpya hubeba msimu mzima: tiketi za treni huisha mapema, bei za vyumba hupaa, magari husimama Nyali. Kisha huja Njaanuari na karo yake, na mfanyakazi aliyeajiriwa kwa msimu hurudi kukaa barazani.

Dawa ni kuipandisha Agosti. Treni yenye mabehewa ya nyongeza, hoteli yenye bei ya familia badala ya bei ya kichwa, na tamasha la watoto la wiki moja vingetosha kuanzia. Kuna pia mteja ambaye yuko tayari mlangoni: Wamombasa wenyewe, na ndugu zao wanaorudi likizo kutoka Ghuba. Siku za Idd hujaa Mama Ngina, bustani ya ufuoni iliyofunguliwa upya Oktoba 2019, wakila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu huku meli zikipita kwenda bandari ya Kilindini. Hao hawahitaji kitanda. Wanahitaji mahali pa kupeleka watoto wikendi za Mei na Juni, miezi ambayo hoteli zina mabwawa yaliyojaa maji na hayana watu. Tiketi ya siku kwa mkaazi, yenye kuogelea na chakula cha mchana, inapaswa kuwa bidhaa ya kawaida kila mahali.

Usafiri wa ndani ndio unaoangusha sifa ya yote haya. Treni huishia Miritini, nje ya kisiwa, na familia yenye mizigo na mtoto aliyelala begani haina nguvu ya kupatana bei na dereva. Nauli zilizobandikwa ukutani stesheni zingeondoa kero hiyo kwa gharama ya ubao mmoja. Kwenye kivuko cha Likoni watembea kwa miguu huvuka bure na magari hulipa, lakini foleni ya sikukuu humaliza nusu siku. Sasa barabara ya Dongo Kundu inampeleka msafiri Kwale bila kugusa feri. Mzazi anayetoka Nairobi anaweza kupita kando ya Mombasa na kuzitumia pesa zake zote Diani. Ushindani huo ni halali, na Mombasa itaushinda kwa kuwa na vivutio vingi ndani ya mwendo mfupi, mradi mwendo huo uwe mfupi kweli.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kusubiri bajeti yoyote, nalo ni uhai wa watoto. Ufuo wa umma unaopokea maelfu ya watu sikukuu lazima uwe na waokoaji waliofunzwa na kulipwa, minara ya kuangalizia, na bendera zinazoonyesha pa kuogelea na pa hatari. Vijana wa tyubu tayari wanafanya sehemu ya kazi hiyo kwa hiari yao. Wafunzwe, wavikwe sare, walipwe. Pamoja nao viwepo vyoo safi, vyumba vya kubadilishia nguo na maji ya kujisuuzia, kwa sababu mama asiyekuwa na pa kumbadilishia mtoto huondoka saa nane, na mauzo ya jioni huondoka naye.

Serikali ya kaunti, makumbusho, Huduma kwa Wanyamapori na wenye hoteli wakikaa meza moja wanaweza kutoa tiketi moja ya familia ya siku tatu, inayofungua Fort Jesus, hifadhi ya bahari na Haller Park kwa bei inayojulikana kabla ya safari. Mzazi anayepiga hesabu Nairobi, Nakuru au Voi anataka kujua jumla kabla hajaomba ruhusa kazini. Anayempa jumla hiyo iliyo wazi ndiye atakayempata. Familia hizi ziliibeba Mombasa mwaka 2014, zikaibeba tena mwaka 2020, na bado zinakuja hata nauli ilipopanda. Ni haki yao sasa kuwa mteja wa kwanza katika mipango, kuanzia bajeti ijayo.