Ajali ikitokea kanisani, ni nani atakayelipa?

MZEE wa kanisa anapokubali kuchaguliwa kuwa mwenyekiti, katibu au mhazini, aghalabu huwaza kuhusu sadaka, harambee na ujenzi. Ni nadra kufikiria kwamba jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye karatasi za mahakama iwapo ukuta utaanguka, mtoto aumie katika Shule ya Jumapili au gari la kwaya lipinduke.

Na bado ndivyo mambo yalivyo. Makanisa mengi nchini husajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura 108. Chama kilichosajiliwa kwa njia hiyo si mtu mbele ya sheria. Hakiwezi kushtaki wala kushtakiwa kwa jina lake chenyewe, bali hushtakiwa kupitia kwa maafisa wake.

Madhehebu makubwa yamelitatua tatizo hili kwa kuiweka mali yao mikononi mwa wadhamini waliosajiliwa chini ya Sura 164. Bodi ya aina hiyo hudumu hata wadhamini wenyewe wakifa, na inaweza kushtakiwa kwa jina lake. Lakini kanisa dogo la mtaani, lenye kuta za mabati na viti vya plastiki vya kukodi, mara nyingi huwa na cheti cha usajili tu pamoja na akaunti ya benki yenye sahihi tatu. Hukumu ya mamilioni ikitolewa dhidi ya kanisa kama hilo, wakili wa mdai hawezi kulaumiwa akianza kuuliza wenye sahihi hizo wana shamba wapi.

Hapo ndipo suala la bima linapoingia. Wapo wahubiri wanaofundisha kwamba kukata bima ni kukosa imani. Mwandishi huyu hana nia ya kubishana nao kuhusu Maandiko, ila tu ni vigumu kutotambua kwamba makanisa hayo hayo huajiri bawabu wa usiku na kuufunga mlango kwa kufuli mbili. Wengine husema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini gharama zake zina kinga.

Wala wazo hili si geni kwa makanisa yenyewe. Huko Uingereza, kampuni ya kuyakinga majengo ya Kanisa la Kianglikana dhidi ya moto ilianzishwa mwaka wa 1887, na nchini Marekani Walutheri wa jimbo la Wisconsin walianzisha yao mwaka wa 1897. Kampuni zote mbili zingali zinafanya kazi.

Sheria ya Kenya inamtaka yeyote anayelikalia au kulisimamia jengo achukue tahadhari ya kutosha ili mgeni anayeingia kwa shughuli halali asidhurike. Wajibu huo umo katika Sura 34, na hauulizi kama jengo ni hoteli, duka au hekalu. Muumini, mgeni wa arusi na mpiga picha aliyekodiwa siku ya harusi wote wanalindwa nayo.

Jambo ambalo viongozi wengi hawalifahamu ni kwamba wajibu huo humfuata anayelitawala eneo, si lazima mwenye ploti. Kanisa linalokodi ukumbi wa shule kila Jumapili, au linaloweka hema uwanjani kwa mahubiri ya wiki moja, linaweza kuwajibika kwa nyaya za jenereta zilizolazwa njiani hata kama halimiliki hata inchi moja ya ardhi hiyo.

Je, tangazo ukutani kwamba kila mtu aingie kwa hatari yake mwenyewe linasaidia? Kwa kiasi kidogo mno. Sheria inasema onyo pekee halimwondolei msimamizi lawama ila tu kama lilitosha kumwezesha mgeni kuwa salama. Kibao cha "jihadhari" kando ya shimo la choo lililofunikwa kwa mbao zilizooza hakimsaidii mtu anayepita gizani wakati wa kesha.

Bima inayohusika hapa ni ile ya dhima kwa umma. Hulipa fidia ambayo kanisa litapatikana na wajibu wa kumlipa mtu wa nje aliyeumia au ambaye mali yake imeharibiwa, na kwa kawaida hugharamia pia wakili wa kulitetea kanisa. Hili la wakili si dogo, kwani si kila anayeanguka kanisani ana haki ya kulipwa. Mdai sharti athibitishe uzembe, na mahakama inaweza kumpunguzia fidia ikiwa naye alichangia ajali yake. Hata hivyo, kesi ambayo kanisa linashinda nayo ina gharama zake.

Kabla ya kutia sahihi, viongozi waulize mambo mawili. Kwanza, kikomo cha malipo ni kiasi gani kwa tukio moja, na ni kiasi gani kwa mwaka mzima? Pili, bima inafuata shughuli za kanisa nje ya ploti yake? Kanisa lenye matembezi ya vijana, kambi za likizo na mikutano ya hadhara halina faida kubwa na bima inayoishia langoni.

Kwa upande wa wafanyakazi, hakuna hiari. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka wa 2007 inamlazimu kila mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake, na kanisa linalomlipa bawabu, mfagiaji, karani au mwalimu wa chekechea ni mwajiri kama mwingine yeyote.

Mfanyakazi akifa kutokana na ajali kazini, sheria hiyo inawapa wategemezi wake fidia ya mshahara wa miezi 96. Bawabu anayelipwa Sh15,000 kwa mwezi akiuawa na majambazi akiwa zamuni, hesabu hiyo inafikia Sh1,440,000. Hapa mdai hahitaji kuthibitisha kwamba kanisa lilikosea. Inatosha kuonyesha kwamba aliumia akiwa kazini.

Madai hayo hupelekwa kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, utaratibu ambao Mahakama ya Juu iliuidhinisha katika uamuzi wake wa Desemba 3, 2019. Ikumbukwe pia kwamba mwajiri ana siku saba za kumwarifu mkurugenzi huyo tangu apate habari za ajali.

Lakini sheria hii inawahusu walioajiriwa. Waumini wanaojitolea kupanda juu ya paa Jumamosi kupigilia mabati, au akina mama wanaopika kwa sufuria kubwa siku ya harambee, hawamo. Kwao dawa ni bima ya ajali ya kikundi, ambayo humlipa aliyeumia kiasi kilichokubaliwa bila kuuliza kosa lilikuwa la nani. Kanisa lenye ujenzi usiokwisha, na ni mangapi yasiyo nao, lingefanya vyema kuanzia hapa.

Suala la magari ndilo lenye mitego mingi zaidi. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililokuwa limewabeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki na watu wengine kuelekea harusini lilisombwa na maji ya Mto Enziu karibu na mji wa Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Safari ya namna hiyo, ya nyimbo na sare za kushonwa kwa hafla, ni ya kila wikendi humu nchini.

Kila gari linaloingia barabarani ni lazima liwe na bima ya watu wengine chini ya Sura 405. Kiongozi anayeona kibandiko kwenye kioo huamini kwamba waimbaji walio ndani wako salama. Huenda anajidanganya. Sheria hiyo hailazimishi bima ya kibinafsi kuwahusu abiria ila wale wanaobebwa kwa malipo au kwa sababu ya mkataba wa kazi. Wanakwaya wanaosafiri bure kwa gari la kanisa si wafanyakazi wala hawakulipa nauli, kwa hivyo wanaweza kuachwa nje kabisa iwapo kanisa halikuongeza kinga ya abiria.

Sasa tuseme kila mwanakwaya alitoa Sh300 za mafuta. Hapo shida hugeuka upande wa pili, kwani kampuni inaweza kudai kwamba gari lililokatiwa bima ya matumizi ya kibinafsi lilikuwa likibeba abiria kwa malipo, kinyume cha mkataba. Dawa ni kuieleza kampuni mapema, kwa maandishi, jinsi gari linavyotumiwa hasa, na kulipa ada inayolingana na matumizi hayo. Ada itapanda, naam, lakini kibandiko cha bei nafuu kisichowakinga walio ndani ya gari ni pesa zilizotupwa.

Isitoshe, sheria hiyo hiyo imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, tofauti humwendea mwenye gari.

Kuhusu jengo lenyewe, viongozi wengi hujua bima ya moto. Wasichokijua ni adhabu ya kupunguza thamani ili ada iwe ndogo. Chukua kanisa ambalo kulijenga upya kutagharimu Sh20 milioni, lakini likakatiwa bima ya Sh10 milioni. Moto ukiharibu sehemu ya Sh4 milioni, kampuni haitalipa Sh4 milioni ingawa kikomo hakijafikiwa. Itasema kanisa lilijibebea nusu ya hatari, na italipa Sh2 milioni, tena baada ya kukata kiasi ambacho mwenye bima hujilipia. Jengo lililokadiriwa thamani miaka kumi iliyopita, kabla ya saruji na vyuma kupanda bei, karibu kwa hakika limo katika mtego huu.

Bima ya kawaida ya moto pia huacha nje ghasia za kisiasa na ugaidi. Wafanyabiashara wengi waliligundua hilo kwa uchungu baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zile zile ambapo kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa Januari 1, 2008 likiwa limejaa watu waliokimbilia usalama. Julai 1, 2012 makanisa mawili yalishambuliwa mjini Garissa siku moja, na Machi 23, 2014 waumini wakapigwa risasi ibadani huko Likoni. Kinga dhidi ya matukio hayo hununuliwa kando na huandikwa waziwazi kwenye hati. Isipoandikwa, haipo.

Pesa za sadaka zina bima yake, na uaminifu wa mhazini nao una yake. Hii ya pili huleta aibu katika vikao, kana kwamba kuitaja ni kumshuku ndugu. Heri itajwe katika kikao ambacho hakuna kilichopotea.

Ajali ikishatokea, kuna mgongano kati ya desturi ya kanisa na masharti ya bima ambao haujadiliwi vya kutosha. Mchungaji husikia muumini ameanguka ngazini, hukimbia hospitalini, huomba naye, kisha huiambia familia: "Msiwe na wasiwasi, kosa ni letu, kanisa litalipa kila kitu." Ni maneno ya huruma. Lakini karibu kila mkataba wa dhima unamkataza mwenye bima kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na maneno hayo yanaweza kuwa sababu ya dai kukataliwa. Aliyeumia basi hubaki na ahadi ambayo kanisa haliwezi kuitimiza.

Hakuna mkataba unaomkataza mchungaji kumtembelea mgonjwa, kumwombea au kuwachangisha waumini kwa ajili ya matibabu yake. Kinachokatazwa ni kutamka nani mwenye kosa. Kampuni iarifiwe mara moja, picha za mahali zipigwe, majina ya mashahidi yaandikwe, na barua yoyote ya wakili ipelekwe kwa kampuni siku ile ile bila kujibiwa na katibu.

Ada nayo ilipwe kabla. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima, Sura 487, kinaizuia kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo. Wakala anayesema "mko sawa, mtalipa mwisho wa mwezi" hasemi kweli, na kanisa lililoungua katikati ya mwezi huo halina pa kudai. Kama kuna shaka kuhusu kampuni au wakala, Mamlaka ya Kudhibiti Bima huwa na orodha ya waliopewa leseni.

Lipo jambo moja la makabati. Dai la majeraha yaliyotokana na uzembe linaweza kufikishwa mahakamani hadi miaka mitatu baada ya tukio, kwa mujibu wa Sura 22. Kwa mtoto, sheria hiyo hurefusha muda huo hadi baada ya yeye kuwa mtu mzima. Msichana wa miaka sita anayevunjika mkono leo kwenye bembea ya Shule ya Jumapili anaweza kushtaki wakati mchungaji, mhazini na wakala wa bima wote wameshahama. Katika bima nyingi za dhima kwa umma, hati itakayojibu dai lake ni ile iliyokuwa hai siku ya kuanguka kwake, kwa hivyo hati za miaka iliyopita zisitupwe bali ziwekwe pamoja na vitabu vya ubatizo.